Ngumi ya Kwanza Nilikuwa Nimelala

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi ya kukata masikio, manyunyu tangu alfajiri, mlima umejifunika ukungu hadi miguuni.

Pua yangu haipitishi hewa. Upande wa kushoto nimeziba kwa pamba, wa kulia damu imeganda yenyewe. Mbavu nazo, nikivuta pumzi ndefu, kuna mahali panachoma. Shemeji yangu ana mkono mzito, sikujua. Miaka sita nimekula naye pilau ya Krismasi nikimwona mtu mpole wa kuimba kwaya, kumbe.

Nimepigwa leo, nilistahili, na bado nina hasira. Naanza na hilo nisije nikajiremba huko mbele.

Wachache mnaopita hapa mnanijua. Fundi wa kuchomelea wa Ngarenaro, mtu wa mageti, madirisha na vitanda vya chuma, anayeandika upuuzi wake kwenye simu akisubiri umeme urudi. Mwezi wa nne niliandika hapa kuhusu karatasi ya daktari, ile ya masharti ya kulala. Mlicheka sana. Leo narudi kwenye karatasi ileile, ila sina cha kuchekesha.

Kwa asiyejua, mambo yalianza hivi. Mwaka jana nilikuwa nafunga geti kwa mteja mmoja Njiro, bawaba ikaachia, geti lote likaniangukia. Nililishika kwa mikono na goti hadi watu wakaja kulinyanyua. Mguu ulipona. Usingizi haukupona. Tangu siku ile nikifumba macho geti linakuja, nami nalisukuma, nalipiga teke, napiga kelele. Ninayempiga teke ni mke wangu, Manka.

Mwanzoni tulicheka. Asubuhi ananimiminia chai huku akiuliza, "Jana geti lilikuwa la milango miwili au mmoja?" Nami najibu lilikuwa la kuteleza, lile la matajiri. Ndivyo tulivyokuwa. Mwarusha na Mchaga ndani ya chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, mtoto wetu Neema upande wa pili kwenye godoro lake dogo.

Kisha siku moja kiwiko changu kikampata jichoni. Alikwenda kuchota maji na jicho jeusi, na wanawake wa uani wakanyamaza alipofika. Akaniambia twende kwa daktari, hataki kuelezea watu kila siku.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alinisikiliza, akaandika barua niende nayo hospitali kubwa wakanipime usingizi wenyewe, akaandika humo kwamba mgonjwa hurusha mikono na miguu akiwa amelala. Halafu akanipa na karatasi ya masharti. Kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa, basi. Usile kitandani. Usishike simu kitandani. Usizungumzie matatizo kitandani. Ukikaa dakika ishirini bila usingizi, inuka, nenda chumba kingine.

Chumba kingine kipi? Cha jirani?

Hilo ndilo nililoandika mwezi wa nne. Niliandika kwamba aliyetunga karatasi ile hajawahi kuishi chumba kimoja. Kitanda kwetu ni kiti wageni wakizidi wawili. Ni meza ya pasi. Neema anapiga magoti sakafuni na kufanyia kazi za shule juu yake. Chini yake kuna gunia la mahindi, ndoo za maharage na sanduku la nguo za Manka za harusi. Mtu akiumwa ndiyo wodi. Na kikubwa zaidi, kitanda ndipo tunapozungumza. Mchana mimi niko na kelele za grenda ya kukatia chuma masikioni, jioni mtoto yuko macho, uani kuna wapangaji saba wenye masikio. Mke na mume watazungumzia wapi mambo yao, stendi?

Niliandika pia maneno ya shangazi yake Manka, aliyoyasema kwenye sherehe ya kumuaga binti, mbele ya watu wote, akiwa amesimama na kitenge chake kipya: "Wanangu, yenu yaishie kitandani. Asubuhi mkitoka nje, mtoke mmeshamaliza." Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Nikasema hapa kwamba kati ya daktari na shangazi, mimi niko na shangazi. Mkanipigia makofi. Kuna mmoja aliandika, "Fundi, wewe ni mwanafalsafa."

Sasa nisikilizeni. Wiki moja tu baada ya kuandika yale, niligundua kwamba karatasi ina faida.

Manka alisomea kilimo cha bustani Tengeru. Mkono wake ukipanda kitu kinaota. Tangu tuoane amekuwa akiuza mboga kwenye meza hapo nje, na muda wote anataka aende Tengeru ashirikiane na dada yake, wakodi kipande, waoteshe miche ya nyanya na kabichi wauzie wakulima. Mimi sikutaka. Ukiniuliza kwa nini, sina sababu inayosimama. Nilitaka nikirudi nimkute. Nilitaka meza yake iwe pale nje ninapoiona kutoka karakana. Basi.

Kila akilianzisha usiku, nikawa nasema, "Daktari kasema." Kwa sauti ya upole kabisa. Daktari kasema matatizo yasizungumzwe kitandani, mama Neema, unataka geti lije? Akanyamaza mara ya kwanza. Akanyamaza mara ya pili. Mchana akilileta karakana nawasha grenda. Miezi miwili nimemfunga mdomo mke wangu kwa karatasi ya hospitali, huku barua ya kwenda kupimwa nimeikunja kwenye pochi, sijaigusa. Mwanafalsafa!

Nakuja kwenye siku yenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mchana, mvua, umeme umekatika eneo lote. Neema alikuwa likizo kwa bibi yake, Kijenge. Nilifunga karakana nikaja kujilaza. Nikalala kweli. Geti likaja kweli. Nikalisukuma kwa ngumi, kwa nguvu zangu zote, na ngumi ikapata kitu laini chenye mifupa ndani, nikaamka.

Manka alikuwa amekuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Sasa alikuwa chini, kati ya kitanda na kabati, mkono mdomoni, damu inapita katikati ya vidole. Akaniangalia. Na alikuwa anacheka. Kile kicheko chetu cha asubuhi. Akasema, "Ee Ruwa, Mungu wangu, leo geti limenipata." Akatema damu kwenye kanga, akasema tena, "Ila leo utanisikia. Shamba la Tengeru tumeshalichukua, mimi na dada. Jumatatu naanza."

Nilikuwa macho.

Nilikuwa macho kama nilivyo macho sasa hivi. Nilisikia mvua kwenye bati. Niliona sufuria ya uji juu ya jiko. Nilijua huyu ni Manka, nilijua amesema nini, na nilijua kitu kingine kilichonijia haraka kuliko hasira yenyewe: kwamba lolote nitakalolifanya sasa, geti ndilo litakuwa limefanya. Kila mtu anajua. Uani wanajua. Daktari ameandika. Nimeandika mwenyewe hapa, mkacheka.

Nikashuka kitandani nikampiga ngumi ya pili. Akainua mikono, nikaipitia katikati, nikampiga ya tatu. Ya tatu ndiyo iliyovunja taya. Ilitoa mlio. Nimekata chuma miaka kumi na tano, naijua milio ya vitu vinavyovunjika, na ule bado unanifuata.

Halafu nikafungua mlango nikapiga kelele, "Nilikuwa nimelala! Jamani nilikuwa nimelala!" Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mama mwenye nyumba alikuja mbio, akamwona Manka, akashika kichwa, akamuuliza, "Ni ule usingizi wake?" Na Manka, akiwa ameshikilia taya lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, akatikisa kichwa kukubali.

Alikubali. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya mbavu.

Hospitali wakamfunga taya kwa nyaya. Wiki nne sasa anakunywa uji na mtori uliochujwa, kwa mrija, kwao Kijenge. Neema yuko hukohuko. Nilikwenda mara mbili, mara zote mbili mama mkwe alinipokelea mlangoni, akachukua matunda niliyobeba, akasema Manka amepumzika. Juzi baba mkwe akapiga simu: kikao Jumapili baada ya ibada, uje na mzee wako. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, na kwa sauti yake nilijua kwamba hiki ndicho kikao cha kuamua kama mke wangu na mwanangu wanarudi au la.

Nikamfuata baba yangu mdogo Oldonyosambu. Ndiye mzee wangu tangu baba alipofariki. Nikamwambia alichoambiwa kila mtu, kwamba nilikuwa nimelala. Alifikiri, akasema kesi ni nyepesi. Barua ya daktari itasema kila kitu. "Na Wachaga wana jani lao," akasema, "linaitwa isale. Ukiwapelekea hilo hawawezi kukukataa, hata uwe umeua. Sisi tungepeleka kondoo, lakini wale ni watu wa jani. Wapelekee cha kwao, ero, kijana wangu, wataona una heshima."

Nililiona wazo zuri. Karatasi mkono mmoja, jani mkono mwingine. Nani atanishinda?

Jana, siku ya gulio, nikaenda Tengeru. Nilimkuta mama mmoja Mmeru anauza ndizi, nikamuuliza wapi nitapata isale. Akasema mpakani mwa shamba lake, hapo nyuma, lipo tele. Tukaenda. Alishika jani refu la kijani, kisu tayari, ndipo akaniuliza, "Umemkosea nani, mwanangu?" Nikamjibu sijamkosea mtu, ni mambo ya heshima tu. Kisu chake kikasimama. Aliniangalia kwa muda, akakata, akanipa, akageuka kuondoka. Nilidhani ana haraka ya kurudi kwenye ndizi zake.

Sasa leo.

Sebuleni Kijenge tulikuwa watu saba. Baba mkwe na mama mkwe, shangazi yuleyule, shemeji yangu Eliudi wa kwaya, Manka, mimi na baba mdogo. Neema alikuwa amepelekwa kwa jirani. Nikawasalimia shikamoo, wakaitikia marahaba, lakini marahaba ya kudondoka. Manka alikaa kwenye kochi la pembeni, amejifunga kanga kuzunguka taya hadi utosini. Amekonda. Mashavu yalikuwa na rangi ya majani yanayokufa, njano ikiingia kwenye zambarau. Hakunitazama usoni. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Baba mkwe akafungua kwa sala. Baba mdogo akasimama, akaongea vizuri mno, mtu yule angekuwa wakili. Akaeleza geti la Njiro, akaeleza usingizi, akasema kijana wetu anampenda mkewe na ugonjwa hauchagui nyumba. Nikatoa barua. Shemeji akaisoma kwa sauti, mpaka pale panaposema mgonjwa hurusha mikono na miguu akiwa amelala. Mama mkwe akafuta machozi. Baba mkwe akamgeukia Manka, akamuuliza mara ya mwisho, kwa upole, "Mwanangu, alikuwa amelala?"

Manka akatikisa kichwa kukubali. Polepole, kwa sababu ya nyaya.

Baba mkwe akashusha pumzi. Akasema ugonjwa ni ugonjwa, kijana akapimwe, familia itachanga nguvu, na Manka akitolewa nyaya atarudi kwake, ila walale vitanda viwili kwanza. Akaanza kuunganisha mikono ili afunge kwa sala.

Nilikuwa nimeshinda. Mnaelewa? Ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni amina na chai.

Nami, kwa kutaka kushinda hadi ukingoni, nikaingiza mkono ndani ya koti nikatoa jani la isale. Nikalinyoosha kwa mikono miwili mbele ya wote, nimeinamisha kichwa kama baba mdogo alivyonifundisha.

Nilisubiri mtu alipokee. Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa ameacha kufuta machozi. Shangazi alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti chake, mzee yule, kitenge kikimdondoka begani, analitazama lile jani kama amemwona nyoka.

Akasema, "Baba Neema. Nani amekupa hiyo?"

Nikasema nimelitafuta mwenyewe, shangazi, ni kwa heshima.

"Unajua isale ni ya nini?"

Nikasema ni ya kuomba msamaha.

"Msamaha wa nini?" Hakupandisha sauti. "Mtu mgonjwa tunampa pole, hatumsamehi. Mtoto akimpiga mama yake teke akiwa tumboni, anamletea isale? Hili jani linakatwa na mtu anayejua alichofanya. Ulienda hadi mpakani mwa shamba la watu, linakoota, ukalikata. Sasa niambie, kama ulikuwa umelala, hili jani linaomba nini?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa viatu vizito vya ibada, akakandamiza kweli. Maana yake ilikuwa wazi, sema ni mila tu, sema hatukujua, sisi ni Waarusha. Na wangeamini. Mtu wa kabila jingine kukosea jani la Wachaga, nani angeshangaa? Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa.

Nikamtazama Manka. Bado alikuwa anaitazama mikono yangu, ile iliyoshika jani. Na nikaona kwamba mabega yake yamepanda, yamekaza, yakisubiri. Mimi nimeshika jani na yeye anasubiri ngumi.

Nikasema, "Ya kwanza nilikuwa nimelala."

Baba mkwe akauliza, "Ya kwanza?"

"Ya pili na ya tatu nilikuwa macho."

Sikumwona shemeji akiinuka. Niliona tu dari. Alinipiga pua, akanifuata chini akanipiga mbavu, akanipiga tena. Anasali huku anapiga, au anatukana Kichaga, sijui, sikielewi. Stuli yenye vikombe ilipinduka. Mikono yangu ilikuwa huru, naweza kupigana, nimekulia na fimbo mkononi, lakini niliiacha sakafuni. Baba mkwe alimwacha apige tatu, nina hakika alihesabu, ndipo akasema, "Basi, Eliudi. Inatosha. Umeshafikisha."

Nikakaa palepale sakafuni, damu inadondoka kwenye zulia la mama mkwe. Jani lilikuwa limeanguka karibu na miguu ya Manka. Shangazi akaliokota. Alikuwa analia kwa hasira. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikawaambia ugomvi wenu uishie kitandani," akasema. "Sikusema binti yangu ndiye aishie huko. Miaka yote hii najivunia maneno yale!" Akamwekea Manka jani mapajani. "Isale haikataliwi, mama. Ipokee. Lakini kuipokea si kurudi. Nani alikudanganya kwamba ni kurudi?"

Manka akaishika. Akaikunja mara moja, akaiweka kando yake kwenye kochi. Kisha akazungumza, kwa meno yaliyofungwa, na ilibidi wote tunyamaze ili tumsikie.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Kitanda chako kakilalie mwenyewe."

Baba mkwe akasema kesho saa mbili asubuhi wanakwenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Akasema niende kwa miguu yangu au nitafuatwa, kwake ni sawa. Hakufunga kwa sala.

Tumerudi kwa miguu na baba mdogo, Kijenge hadi Ngarenaro, ndani ya manyunyu, watu wa ibada ya pili wakiipisha pua yangu njiani. Alinisema hadi mate yakamkauka. Nani alinituma kufungua mdomo? Barua ilikuwa imetosha! Halafu akatulia, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana rafiki Longido mwenye ng'ombe wengi, nikae huko miezi mitatu, minne, hasira za watu hupoa, karakana ataiangalia yeye. Kuna gari saa kumi na mbili jioni. Akaniacha kona ya karakana, ameshika kofia yake.

Nimeingia ndani nikakiona kitanda.

Nilikitengeneza mwenyewe kabla ya harusi. Chuma cha mraba, kichwani nimekunja maua mawili kwa mkono, kila petali peke yake, nikikesha siku nne. Nimeuza vitanda vingi kwa kuwaonyesha watu picha ya hiki. Nikachukua nyundo kubwa. Nilipiga mguu wa nyuma mpaka maungio yakaachia, nikapiga ua moja likapinda, nikapiga ukuta, lipu ikamwagika juu ya godoro la Neema lililoviringishwa. Mama mwenye nyumba akapiga hodi akiuliza kwa hofu kuna nini. Nikasikia hofu ile. Ndiyo hofu ya mabega ya Manka.

Nikaweka nyundo chini. Kitanda hakijampiga mtu.

Nimetafuta matofali mawili nje, nimeyaweka mahali pa mguu. Kimesimama, kimeinama kidogo upande wangu. Nimekaa juu yake naandika haya, kinyume na karatasi, na karatasi yenyewe bado imebandikwa ukutani nilipoibandika ili Manka aione kila akilala. Nimeisoma tena leo, neno kwa neno. Jamani, karatasi haina kosa. Inamfaa mwenye vyumba viwili, na hata mwenye kimoja haijamwambia amnyamazishe mtu. Shangazi naye hakukosea. Wote wawili walinipa ushauri wa kitanda, nami kila mmoja nikamtumia siku aliponifaa. Kwenye karatasi hakuna sharti linalosema usijifanye umelala. Labda walidhani mtu mzima analijua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Hiki nimekilalia miaka sita, na kunguni nilikuwa mimi.

Saa kumi na moja na nusu sasa. Gari la Longido bado lipo, nikiinuka nalipata. Sitasema sijalifikiria. Nimelifikiria aya kwa aya tangu nianze kuandika.

Badala yake nimeichukua barua ya daktari, ambayo shemeji alinitupia mlangoni. Ina tone la damu yangu juu ya muhuri. Nyuma yake ni nyeupe. Nimetafuta kalamu kwenye mkoba wa shule wa Neema, nimepata ya rangi ya bluu iliyotafunwa mwisho, nimeandika: Ngumi ya kwanza nilikuwa nimelala. Ya pili na ya tatu nilikuwa macho, na nilimjua ninayempiga. Nimeweka jina langu na sahihi.

Saa mbili asubuhi nitakuwa pale dawatini kabla hawajafika, na nitaanza kwa kuwasomea upande huo wa nyuma.